Usungu na Dawa: Historia ya Maarifa ya Uuguzi wa Moyo katika Nchi ya Singida

Katika lugha ya Kiswahili kuna mambo mawili ambayo watu huyaweka mbalimbali sana, ingawa kwa asili yana ujirani mkubwa. La kwanza ni usungu, yaani ile sumu ya miti ipakwayo mishale. La pili ni dawa ya moyo, itolewayo hospitalini kwa kipimo na kuandikwa katika cheti cha mgonjwa. Nchi ya Singida, iliyo katikati ya Tanzania bara, ni mahali pafaapo kutazama ujirani huo, kwa sababu ndani ya mipaka yake mwindaji apikaye sumu ishikayo moyo na mwuguzi agawaye kidonge kiusaidiacho moyo wameishi katika zama moja, tena katika wilaya moja. Shabaha ya makala haya ni kufuata habari za maarifa hayo tangu porini hata wodini, na kuonyesha kwamba kitenganishacho sumu na dawa ni kipimo, na kwamba kipimo hicho hakiwezi kulindwa pasipo maneno yaliyo wazi kati ya mwuguzi na mgonjwa.

Wenyeji walio wengi wa nchi hiyo ni Wanyaturu na Wanyiramba, ambao ni wakulima na wafugaji; pamoja nao wako Waihanzu upande wa kaskazini na Wagogo upande wa Manyoni. Lakini kaskazini kabisa, katika sehemu ambayo tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Mkalama, wanaonekana pia Wahadzabe, ambao makao yao yazunguka bonde la Ziwa Eyasi. Watu hao wamejulikana kwa uwindaji wa upinde na mishale, na kwa miaka mingi wamebadilishana nyama na asali kwa chuma na tumbaku za jirani zao Waihanzu. Mtaalamu James Woodburn, aliyeanza kukaa nao mwaka 1958, aliandika habari za sumu zao mbili kubwa. Moja huitwa panjube, nayo hutokana na utomvu wa Adenium, ule mti wa shina nene na maua mekundu uotao mahali pakavu. Ya pili huitwa shanjo, nayo hutokana na mbegu za mmea utambaao ambao wataalamu wa mimea wameuita Strophanthus eminii, kwa kumkumbuka Emin Pasha.

Mimea hiyo miwili, pamoja na msunguti wa pwani na wa nyika, ambao ndio utoao usungu wa Wagiriama na Wakamba, ina jambo moja la kushangaza. Ingawa haifanani kwa sura, sumu zake zote hushika mahali pamoja, napo ni msuli wa moyo. Mnyama aliyepigwa mshale hafi kwa jeraha. Hufa kwa sababu moyo wake hupoteza mwendo, ukapiga kwa vurugu na kisha ukasimama. Wawindaji wa Afrika ya Mashariki walijua mengi juu ya sumu hizo kwa kuzitazama: walijua kwamba sumu ikikaa muda mrefu hupungua nguvu, na kwamba nyama ya mnyama yaweza kuliwa bila madhara, mradi sehemu iliyozunguka jeraha ikatwe na kutupwa. Sababu ya jambo hili la pili ilikuja kuelezwa baadaye na wataalamu wa kemia: sumu za namna ile ya msunguti hupenya kwa shida sana katika tumbo na matumbo, ila zikiingia katika damu hufanya kazi upesi. Maarifa hayo ya mwindaji yanastahili kuwekwa akilini, kwa maana yatarudi tena katika habari za kidonge.

Njia iliyoipeleka sumu hiyo Ulaya ilipita mikononi mwa mtu ajulikanaye sana katika historia ya Unguja. Mwaka 1858 David Livingstone alianza safari yake ya mto Zambezi, iliyoendelea hata mwaka 1864. Pamoja naye alikuwamo John Kirk, daktari na mjuzi wa mimea, yule yule ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Unguja na kushughulika na mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa. Kirk alichukua sumu ya mishale katika mfuko mmoja na mswaki wake. Siku alipoutumia mswaki ule aliona uchungu kinywani, naye alipojipima aliona kwamba mapigo ya mshipa wake yamepungua. Mtu mwingine angeutupa mswaki na kuyasahau yaliyotokea. Kirk alifahamu kwamba kitu kiwezacho kupunguza mapigo ya moyo kwa kiasi kidogo namna ile chaweza kuwa dawa. Mbegu zilifikishwa Edinburgh kwa Thomas Fraser, ambaye alizichunguza kwa miaka mingi, akatoa ndani yake kitu alichokiita strofantini, na mwaka 1885 akaitangaza kuwa dawa ya wagonjwa wa moyo.

Kwa wachunguzi wa lugha habari hii ina utamu wake. Mmea wa Zambezi uliitwa na wataalamu Strophanthus kombe, na hilo kombe ndilo jina la sumu kwa wenyeji wa huko. Vivyo hivyo dawa iliyotolewa katika msunguti mwaka 1888 na Mfaransa Arnaud iliitwa wabaini, kutokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale. Kwa hiyo maneno ya Kiafrika yaliingia katika vitabu vya dawa vya Ulaya, na yamo hata leo. Lakini usungu, panjube na shanjo hayakuingia, wala Kiswahili chenyewe hakikujaliwa kutoa jina. Neno la Kiswahili lilibaki na maana yake ya zamani ya sumu na mauaji, bila kupata ile maana ya pili ya tiba ambayo ndugu zake walipewa ng'ambo.

Yapasa kukumbuka kwamba Ulaya nayo ilikuwa na usungu wake. Mwaka 1785 Mwingereza William Withering alitoa kitabu juu ya mmea uitwao Digitalis, ambao yeye aliusikia kwanza kutokana na dawa ya siri ya mwanamke mzee wa jimbo la Shropshire. Mwanamke huyo alikuwa akiwatibu watu wenye maradhi ya kuvimba mwili kwa maji, maradhi ambayo Kiswahili cha zamani kiliyaita istiska kwa kufuata Waarabu. Sifa kubwa ya Withering si kuivumbua dawa, maana ilikuwapo, ni kuipima. Aliandika wagonjwa wake mmoja mmoja, pamoja na wale walioharibikiwa, akaonya kwamba dawa isizidishwe, na kwamba ikomeshwe mgonjwa akianza kutapika, au kuhara, au mapigo yake yakipungua mno. Mwaka 1906 Albert Fraenkel, katika mji wa Strasbourg, aliingiza strofantini katika mshipa wa damu kwa sindano, kwa kuwa kwa njia ya kinywa haikutegemewa. Na mwaka 1930 Sydney Smith, katika maabara ya Burroughs Wellcome, alitoa digoksini katika majani ya Digitalis ya aina nyingine. Hiyo hupenya tumboni vizuri, na kwa sababu hiyo iliweza kufanywa kidonge. Jambo hili laonekana dogo, lakini lilibadili kazi ya uuguzi. Dawa ya sindano hukaa hospitalini chini ya jicho la mwuguzi. Dawa ya kidonge huenda nyumbani na mgonjwa, na huko hailindwi na kitu kingine ila maneno aliyoambiwa.

Katika nchi ya Singida tiba ya namna hiyo ilifika polepole. Katika miaka ya 1920 Serikali ya Tanganyika ilianza kufundisha madresa wa kikabila, waliowekwa katika zahanati ndogo chini ya tawala za wenyeji. Dresa aliosha vidonda, aligawa dawa za homa, na katika kampeni za buba alizipa sindano heshima ambayo haijaondoka hata leo. Lakini juu ya moyo hakuwa na mengi. Mtu aliyemjia akihema, miguu imevimba na tumbo limejaa maji, aliitwa mgonjwa wa safura ikiwa rangi yake imefifia, au wa pumu ikiwa anakohoa usiku. Majina hayo hayakuwa ya ujinga: ni majina ya dalili, na dalili ndizo zionekanazo kwa macho. Kasoro yake ni kwamba maradhi mbalimbali yalifunikwa na jina moja, na moyo uliokuwa chanzo haukutajwa.

Misheni zilizidisha kazi hiyo. Waluteri wa Augustana kutoka Marekani walifanya kazi Iramba tangu miaka ya 1920, na hospitali za Iambi na Kiomboi zilitokana na juhudi hizo. Mwaka 1954 masista wa Kikatoliki wa shirika la Medical Missionaries of Mary, lililoanzishwa na Mother Mary Martin mwaka 1937, walifika Makiungu katika nchi ya Wanyaturu. Singida ilipofanywa mkoa peke yake mwaka 1963, sehemu kubwa ya vitanda vya wagonjwa ilikuwa bado mikononi mwa misheni. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zahanati na vituo vya afya viliongezwa vijijini, na mwaka 1989 hospitali ya Mtakatifu Gaspari ilifunguliwa Itigi, upande wa Manyoni. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja, basi, mgonjwa wa moyo wa Singida alitoka katika mikono ya dresa asiyekuwa na jina la maradhi yake, akafika katika mikono ya mwuguzi aliyefunzwa chuoni.

Mwuguzi huyo alifunzwa sheria moja ambayo hurithishwa tangu siku za Withering. Kabla ya kumpa mgonjwa digoksini, lazima ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, akisikiliza kifuani juu ya moyo wenyewe, asiridhike na robo ya dakika. Kwa mtu mzima, yakiwa chini ya 60, asiitoe dawa, bali amjulishe daktari. Sababu ya ukali huo ni kwamba nafasi iliyopo kati ya kiasi kiponyacho na kiasi kidhuruco ni nyembamba mno. Dawa hii huzuia ile pampu ndogo iliyo katika ngozi ya chembe za msuli, itoayo sodiamu na kuingiza potasiamu. Ndiyo pampu ambayo Mdenmark Jens Christian Skou aliitambua mwaka 1957, kisha akatumia wabaini, yaani usungu wa msunguti, kuithibitisha, na akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1997. Pampu ikizuiwa kidogo, kalsiamu huongezeka ndani ya chembe na moyo hupiga kwa nguvu zaidi. Ikizuiwa sana, mwendo wa moyo huvurugika. Tangu miaka ya 1960 ilipopatikana furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini, hatari iliongezeka upande mwingine: maji yatokayo huchukua potasiamu, na moyo uliopungukiwa na potasiamu hudhurika kwa digoksini kidogo kuliko ya kawaida.

Dalili za kuzidiwa na digoksini pengine hutangulia kuonekana tumboni na machoni kabla ya kifuani. Mgonjwa hukosa hamu ya chakula, hutaka kutapika, hutapika, na pengine huona vitu vyote vimekuwa na rangi ya manjano. Na hapa ndipo lugha inapoingia katika tiba. Katika Kiswahili cha pwani na cha vitabu, mtu atakaye kutapika husema, "Moyo umenichafuka," au, "Moyo wanielea." Maneno hayo ni ya zamani na mazuri, nayo yahusu tumbo. Lakini yakisemwa na mgonjwa wa moyo, mbele ya jamaa zake au mbele ya mwuguzi ambaye Kiswahili chake kimejengwa juu ya lugha nyingine, yaweza kueleweka kinyume kabisa: kwamba moyo wenyewe umezidiwa, na kwamba kidonge kimoja hakitoshi. Basi atapewa cha pili. Alama iliyokuja kumwonya mwuguzi aikomeshe dawa huwa sababu ya kuizidisha, na dawa yarudi kuwa usungu.

Hatari hiyo haikomei katika neno moja. Moyo katika Kiswahili ni kiungo cha mwili, na pia ni makao ya ushujaa, huruma, nia na huzuni. Mjane husema moyo wamwuma. Mwenye kiungulia husema vile vile. Na mwenye mshipa wa moyo ulioziba naye hana maneno mengine. Mshipa wenyewe una maana ya njia ya damu, na ya kano, na ya neva, na hata ya ngiri. Pumu imebaki kuwa jina la kila namna ya kuhema. Tena mwuguzi wa Singida mara nyingi hakuzaliwa Singida: Serikali huwapeleka wauguzi popote nchini, na mgonjwa mzee wa Kinyaturu au Kinyiramba hukitumia Kiswahili kama lugha ya safari, si ya kitandani. Hivyo mazungumzo ya moyo hupita katika vichujio viwili, na kila kichujio hupunguza kitu.

Maarifa yenyewe nayo hayakusimama. Mwaka 1964 dawa ya propranololi, kazi ya James Black, ilionyesha njia nyingine ya kuutuliza moyo. Mwaka 1981 kaptoprili iliruhusiwa kutumika Marekani; nayo asili yake ni uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazil, hata ikawa kana kwamba historia ya usungu imejirudia katika bara jingine. Mwaka 1997 uchunguzi uliofanywa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 6,800 ulionyesha kwamba digoksini hupunguza kulazwa hospitalini kwa wenye moyo dhaifu, lakini haiongezi siku za kuishi. Kwa hiyo ilishuka cheo, isiondoke. Sababu za maradhi pia zimefahamika zaidi. Uchunguzi uliofanywa Muhimbili, Dar es Salaam, kwa wagonjwa 427 wa moyo ulioshindwa kazi, na kutangazwa mwaka 2014, ulikuta kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na kwamba wagonjwa 45 hivi katika kila 100 walikuwa na maradhi yaliyotokana na shinikizo kubwa la damu. Wengine, hasa vijana, huumwa kwa sababu ya vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyowapata utotoni baada ya maumivu ya koo; hao huhitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Mwaka 2015 Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianza kazi Dar es Salaam, lakini kutoka Singida huko ni mwendo wa kilomita 700 hivi. Katika siku za kila mwezi, mlinzi wa moyo wa mkulima wa Mkalama au Ikungi ni mwuguzi wa zahanati.

Kwa mabadiliko hayo maneno yamekuwa na mzigo mpya. Watu wamekwisha kuchagua presha, na wataalamu wamechagua shinikizo la damu. Yote mawili hutumika, na hakuna ubaya, mradi mgonjwa ajue kwamba ni jambo moja. Ubaya upo pale mgonjwa asemapo, "Leo sina presha," akiwa na maana kwamba kichwa hakimwumi, akaacha vidonge mpaka kichwa kitakapouma. Vivyo hivyo neno dawa, ambalo kwa mazoea ya wengi ni kitu cha kuondoa maradhi kisha kikaachwa, sasa latakiwa kubeba maana ya kitu kisichoachwa maisha yote. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, na baada yake Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, zimefanya kazi kubwa ya kuunda istilahi. Lakini istilahi huundwa kutoka juu kuja chini, na huanza na jina la Kiingereza likitafutiwa mwenzake. Katika uuguzi wa moyo yahitajiwa pia kazi ya upande wa pili, yaani kukusanya maneno ambayo wagonjwa wenyewe huyatumia katika Kinyaturu, Kinyiramba, Kihadza na Kiswahili cha mahali, na kuandika mbele ya kila neno dalili zote ziwezazo kukusudiwa.

Kazi ya namna hiyo si mpya katika nchi ile. Mwindaji wa Ziwa Eyasi hakuwa na mizani wala saa, lakini alikuwa na jina moja kwa panjube na jina jingine kwa shanjo, wala hakuyachanganya, kwa sababu uhai ulitegemea kutofautisha. Mwuguzi ana saa na chombo cha kusikilizia kifua, na hesabu yake ni sahihi kuliko ya mwindaji. Kinachopunguka ni majina. Mgonjwa wa digoksini asemapo kwamba moyo umemchafuka, mwuguzi aulize kwanza kama ni kifua kimbanacho au ni tumbo litakalo kutapika, aulize kama mwanga wa taa umekuwa wa manjano, kisha ahesabu mapigo dakika nzima kabla hajafungua kopo la vidonge.